Mizoga Inayofukiwa Bila Kusomwa

Mbwa wa mlinzi afapo katika mtaa wa Ukwamani huko Kawe, au bata watano wafapo kwa usiku mmoja katika banda la uani, mwenyewe huitaja sababu kabla hajauangalia mzoga: kalishwa sumu, kaumwa na nyoka, ni kideri, ni mkono wa jirani. Kisha mzoga hufukiwa kando ya ukuta au hutupwa jaani, na habari yake huishia hapo. Wakati huo huo wanafunzi wa biolojia katika shule iliyo karibu huendelea kukariri kazi za ini kutoka katika daftari, wala hakuna awaambiaye kwamba ini lenye habari ya kweli limefukiwa jana nyuma ya ua.

Desturi hii yafaa ikomeshwe. Mnyama wa nyumbani hula makombo ya nyumba, hunywa maji ya nyumba, na hupewa dawa zinunuliwazo katika duka lile lile anunuamo mwenye nyumba. Tena mwili wake ni mdogo na maisha yake ni mafupi, kwa hiyo madhara ambayo kwa binadamu huchukua miaka ishirini kujitokeza, kwake huweza kuonekana kwa miezi michache. Viungo viwili hasa huandika habari za maisha hayo: ini, ambalo hupokea kila kitokacho tumboni, na tezi za adrenali, vijitezi viwili vilivyokaa juu ya figo ambavyo watu wengi hawajapata kuviona ingawa wamekula figo mara nyingi.

Mfano wa tezi hizo watoka mbali, kwa mnyama aitwaye fereti. Huyu ni mla nyama mdogo mwenye mwili mrefu na miguu mifupi, wa ukoo mmoja na kicheche na nyegere wa hapa nchini. Ulaya alifugwa kwa karne nyingi ili kuwafurusha sungura mashimoni. Marekani ya leo hufugwa ndani ya nyumba kama paka. Wafugaji wa huko waliona jambo la ajabu kwa fereti waliofikia umri wa miaka mitatu au minne. Manyoya yalianza kupukutika mkiani, yakaendelea mgongoni, hata mnyama akabaki kipara. Majike yaliyokwisha kuhasiwa yalivimba sehemu za uzazi kana kwamba yamo katika joto. Madume yalishindwa kukojoa kwa sababu tezi dume ilikuwa imekua. Wanyama hao walipopasuliwa, ilionekana kwamba tezi moja ya adrenali, ambayo kwa kawaida haizidi punje ya mbaazi, ilikuwa imekua kupita kiasi, na mara nyingine ilikuwa na uvimbe wa saratani. Tezi ya kulia ilikuwa na matatizo yake ya ziada: imelala karibu kabisa na ini na imeshikamana na mshipa mkuu wa damu urudio moyoni, hivi kwamba uvimbe wake huweza kupenya katika mshipa huo au kuligusa ini lenyewe, na mpasuaji hupata taabu kubwa kuutoa.

Kwa nini tezi ya adrenali imfanye jike aliyehasiwa aonekane yumo katika joto? Jibu limo katika somo la homoni lifundishwalo sekondari, na ni ajabu kwamba halitumiwi kulifundishia. Tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, hutoa homoni ziamrishazo ovari au korodani zifanye kazi. Ovari nazo hutoa homoni zao, na homoni hizo zikifika ubongoni huwa ni ujumbe kwamba amri imetekelezwa, basi pituitari hupunguza sauti yake. Mnyama akihasiwa, ujumbe wa kurudi hukatika. Pituitari huendelea kuamrisha mchana na usiku kwa miaka, wala hakuna aitikiaye. Lakini gamba la tezi ya adrenali na tezi za uzazi vilichipuka mahali pamoja katika kiinitete, na baadhi ya seli za adrenali bado zina masikio ya kuisikia amri ile. Mwishowe huitikia: hukua, huongezeka, na kuanza kutoa homoni za uzazi zisizotakiwa.

Nchini Marekani fereti wengi huhasiwa wakiwa na umri wa wiki tano au sita tu, kabla ya kuuzwa. Uholanzi walihasiwa wakiwa wakubwa zaidi, na uchunguzi wa huko uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha uhusiano wa wazi kati ya umri wa kuhasiwa na umri wa kuugua. Basi jambo lililotendwa kwa nia njema, ili mnyama asizae ovyo na asinuke, ndilo lililopanda ugonjwa wa miaka ya mbele. Hapakuwa na mtaalamu aliyeutabiri. Ulijulikana kwa sababu wenye fereti walikataa kuridhika na maneno ya kukisia, wakawapeleka wanyama wao kwa waganga, na walipokufa wakaruhusu wapasuliwe.

Huenda msomaji wa Kawe akasema kwamba mambo ya fereti ni anasa za matajiri. Na atazame basi mbwa wa jirani yake, anayejikuna mwaka mzima kwa utitiri na viroboto. Mbwa huyo hudungwa sindano ya dawa za jamii ya kotisoni. Mwasho hukoma kwa wiki mbili, kisha hudungwa tena. Dawa hizo hufanana na homoni ambayo gamba la adrenali hulitengeneza lenyewe, yaani kotisoli. Pituitari ikiona damu imejaa kitu mfano wa kotisoli hunyamaza kabisa, na tezi za adrenali, kwa kukosa kazi, husinyaa. Ini kwa upande wake hujaza wanga wa kiwanyama, likavimba. Tumbo la mbwa hushuka, manyoya yake hupungua, naye hunywa maji bila kiasi. Mwenyewe husema ni minyoo. Dawa ikikatizwa kwa ghafula, mnyama huweza kuanguka na kufa, maana mwili hauna tena tezi ya kuutegemeza wakati wa shida. Atakayeufungua mzoga huo atakuta ini kubwa lililopauka na tezi mbili nyembamba kama ganda, na habari yote itakuwa imesomeka.

Sasa na izingatiwe kwamba dawa za jamii hiyo hiyo, klobetasoli ikiwa mojawapo, zimo katika baadhi ya krimu ambazo watu hujipaka mwili mzima kila siku ili kujichubua. Hupenya ngozini na kuingia damuni; zikitumiwa kwa wingi na kwa muda mrefu huweza kuzinyamazisha tezi za adrenali za binadamu kama zile za mbwa. Mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyeziona tezi zilizosinyaa kwa macho yake hatahitaji mahubiri marefu juu ya krimu hizo.

Hata hivyo ini ndilo lenye deni kubwa zaidi. Mwaka 1952 wataalamu wa mifugo Seibold na Bailey walieleza ugonjwa wa ini uliokuwa ukiua mbwa katika jimbo la Alabama, Marekani. Kwa kuwa sababu haikujulikana, ugonjwa ukaitwa hepataitisi X. Mwaka 1955 ilitangazwa kwamba mbwa wazima huweza kuuguzwa kwa kulishwa chakula kile kile walichokula wagonjwa. Dalili ilikuwa imetolewa: kosa limo chakulani. Ila wafao walikuwa mbwa, na jambo likaachwa lipoe. Mwaka 1960 zaidi ya bata mzinga 100,000 walikufa nchini Uingereza, na huo nao ukaitwa ugonjwa X. Hapo fedha nyingi zilikuwa zimepotea, na utafiti ukaanza kwa bidii. Lawama iliangukia mashudu ya karanga kutoka Brazil. Mnamo wakati huo huo maelfu ya vifaranga vya bata yalikuwa yakifa nchini Kenya kwa mashudu ya karanga, na mwaka 1961 kuvu aliyekuwa akitafutwa, Aspagilasi flavasi, alipatikana katika karanga zilizotoka Uganda. Sumu yake ndiyo iitwayo leo sumukuvu. Ugonjwa wa mbwa wa Alabama ulikuja kutambuliwa baadaye kuwa ni huo huo. Karanga za Afrika Mashariki, basi, zilikuwamo katika ugunduzi huu tangu mwanzo, jambo ambalo vitabu vya shule havilitaji.

Sumukuvu yenyewe, tuseme ile iitwayo B1 iliyo kali kuliko zote, si kali sana mpaka ifike inini. Vimeng'enya vya ini, katika juhudi ya kuigeuza ili itolewe mwilini, huigeuza kwanza kuwa kitu kikali zaidi ambacho hunata katika chembe za urithi ndani ya kiini cha seli. Kiungo kinachowasafisha wengine hujeruhiwa na usafi wake mwenyewe. Kipimo kikiwa kikubwa, seli hufa kwa wingi, macho hugeuka manjano, tumbo hujaa maji, na mgonjwa hufa kwa siku au wiki chache. Kipimo kikiwa kidogo lakini cha kila siku, saratani ya ini huja baada ya miaka. Utafiti wa Peers na Linsell katika wilaya ya Murang'a, Kenya, uliochapishwa mwaka 1973, ulionyesha kwamba sumu ilipozidi katika chakula cha watu, saratani ya ini nayo ilizidi.

Wanyama hawadhuriki sawa. Kifaranga cha bata ni dhaifu mno mbele ya sumu hii, kiasi kwamba katika miaka ya 1960, kabla mbinu za kikemia hazijakamilika, maabara zilikitumia kuwa mizani: kililishwa chakula kinachoshukiwa, kisha ini lake likatazamwa kwa hadubini ili kuona jinsi seli za vijifereji vya nyongo zilivyoongezeka. Mbwa naye ni dhaifu. Kuku ni mvumilivu zaidi. Hivyo mfugaji ambaye bata wake wamekufa na kuku wake wamesalimika, ilhali wote wamekula pumba za gunia moja, asikimbilie kusema kwamba pumba hazina kosa.

Juu ya pumba hizo yapo mengi ya kusema. Kuvu hujenga sumu yake zaidi katika kiini na ganda la punje ya mahindi. Mahindi yakikobolewa ili kupata sembe, sehemu kubwa ya sumu huondoka na pumba. Mwenye nyumba hula sembe iliyosafishwa kwa kiasi fulani, na pumba zilizobeba sumu huenda kwa bata, kwa mbwa, na kwa ng'ombe wawili watatu wanaofugwa katika nyua za Kawe na Mbezi. Kwa ng'ombe hupata njia ya kurudi mezani, kwa kuwa sehemu ya sumu hugeuzwa na kutoka katika maziwa. Na katika nyumba ilayo dona, ambayo kwa mambo mengine ni chakula bora kuliko sembe, hapana aliyetenganishwa na pumba: mtoto na mbwa wamo katika hesabu moja. Kupika hakusaidii. Joto la sufuria ya ugali huwaua kuvu, ila sumu yao hubaki.

Kwamba mnyama hutangulia si jambo la kubuni. Mwaka 1974, katika majimbo ya Gujarat na Rajasthan huko India, watu 397 waliugua kwa mahindi yenye sumukuvu na 106 walikufa. Mbwa waliokula chakula cha nyumba hizo nao walijaa maji tumboni wakafa. Mwaka 1981 wagonjwa 20 walilazwa katika hospitali za wilaya ya Machakos, na 12 kati yao walikufa kwa ini kushindwa kazi. Mwaka 2004, katika sehemu hizo hizo za mashariki mwa Kenya, Makueni na Kitui zikiwa mbele, waliougua walikuwa 317 na waliokufa 125. Tanzania haikusalimika: mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu zaidi ya 60 waliugua na wapatao 20 wakafariki. Magazeti yaliuita ugonjwa wa ajabu. Haukuwa wa ajabu. Ulikuwa umekwisha kuelezwa kwa mbwa miaka 64 kabla.

Kawe haikuwa daima mahali pa kutojali maini. Kiwanda cha nyama cha Tanganyika Packers, kilichoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ubia wa serikali na kampuni ya Liebig, kilichinja ng'ombe hapo kwa miongo kadhaa, na uchinjaji wa namna ile hauendi bila mkaguzi wa nyama. Kazi ya mkaguzi ni kulipapasa ini, kulikata, kutazama kama vijifereji vyake vimekuwa vigumu kwa minyoo bapa, au kama lina vifuko vya maji vya tegu. Kiwanda kimefungwa zamani, na viwanja vyake leo vyajulikana zaidi kwa mikutano ya hadhara. Ukaguzi umebaki machinjioni. Kwa mnyama afaye nyumbani haukupata kuanzishwa.

Wapo watakaopinga. Watasema kwamba nchi yenye wagonjwa wengi kuliko waganga haina haki ya kupoteza wakati kwa mizoga ya mbwa. Jibu ni kwamba wakati huo hauibiwi kwa mgonjwa. Mzoga mmoja uliosomwa vema huweza kulitambulisha gunia ambalo bado halijamaliza kuliwa, na hakuna hospitali iwezayo kufanya hivyo kwa bei hiyo. Wengine watasema kwamba mbwa ni najisi katika nyumba nyingi za pwani. Ni kweli, na dini ya mtu iheshimiwe. Bata na kuku wanatosha kuwa mashahidi katika nyumba hizo, na bata, kama ilivyoelezwa, ni shahidi bora kuliko mbwa. Pingamizi lenye uzito zaidi ni la hatari. Mbwa aliyekufa huweza kuwa na kichaa, ng'ombe huweza kuwa na kimeta, na ndege huweza kuwa na mafua ya hatari kwa binadamu. Kwa sababu hiyo mwalimu asithubutu kuwafungulia wanafunzi mzoga uliookotwa. Atakayefanya hivyo kwa kusingizia makala haya atakuwa hakuyasoma.

Kazi ya kuufungua mzoga ni ya daktari wa mifugo. Dar es Salaam ina bahati ambayo mikoa mingi haina: makao ya Wakala wa Maabara ya Veterinari, ulioundwa mwaka 2012, yapo Temeke, palipokuwa na maabara kuu ya mifugo tangu zamani. Ila kutoka Kawe hadi Temeke ni safari ya kuvuka jiji zima, na hapana mtu wa kawaida atakayeifunga kwa ajili ya bata watano. Hapa ndipo shule ziwezapo kufaa. Shule moja ya sekondari katika kata, yenye mwalimu mmoja wa biolojia aliyekubaliana na ofisa mifugo wa kata, yaweza kuwa mahali pa kupokea habari. Daftari la kawaida latosha: tarehe, mnyama gani na wangapi, walikula nini, gunia lilinunuliwa lini na kwa nani, macho na ufizi vilikuwa na rangi gani. Vifo vikifuatana katika mtaa mmoja, ofisa mifugo ataona katika ukurasa mmoja jambo ambalo kila mwenye nyumba aliliona peke yake akamlaumu jirani. Ugomvi wa namna hiyo, wa kudhaniana kulishiana sumu, umevunja udugu wa nyumba nyingi, na huenda baadhi yake ulianza ndani ya gunia la pumba.

Darasani, viungo na vitoke kwa mchinjaji wa halali. Mwalimu amwombe figo za mbuzi zilizoachwa na mafuta yake, kwa maana mchinjaji kwa mazoea huyatupa mafuta pamoja na tezi za adrenali. Apapase taratibu karibu na ncha ya mbele ya figo: atapata kitu kigumu kidogo, cha rangi ya kahawia, kikikatwa kwa wembe huonyesha gamba la nje na kiini chenye rangi tofauti. Kando yake liwekwe ini zima, kisha lile ambalo mkaguzi amelikataa kwa sababu ya minyoo, likiwa katika chupa ya formalini. Mwanafunzi aliyelijua ini zima ndiye atakayejua kwamba si kila ini baya ni la sumukuvu. Virusi huliharibu, leptospira za mkojo wa panya huliharibu, pombe huliharibu. Macho matupu hushuku tu. Hadubini na kipimo cha chakula ndivyo vitoavyo hukumu, na kwa chakula kiwango kinachokubaliwa Afrika Mashariki kwa mahindi ni sehemu 10 za sumukuvu zote katika sehemu bilioni moja, zikiwamo zisizozidi 5 za B1.

Serikali ina sehemu yake. Ada ya uchunguzi wa mzoga mmoja wa mbwa au bata, hata iwe ndogo namna gani, itakuwa kubwa kuliko thamani ya mnyama mwenyewe machoni pa mwenye mali, na kwa hiyo haitalipwa. Mizoga inayopelekwa na shule kupitia kwa ofisa mifugo yafaa ichunguzwe bure, na majibu yarudi shuleni kwa maandishi. Shirika la Viwango, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo lenye dhamana ya usalama wa chakula, lipate nakala ya majibu yahusuyo sumukuvu, ili gunia lifuatwe hadi ghalani lilikotoka.

Katika joto la Dar es Salaam ini huanza kuoza saa chache baada ya kifo. Mzoga ushikwe kwa mifuko ya plastiki mikononi, ufungwe mara mbili, uwekwe juu ya barafu ya wauza samaki, wala usigandishwe, kwa sababu kuganda hupasua seli na kuifanya hadubini isione kitu. Uchunguzi ukifanyika mbali, daktari hukata vipande vya ini na tezi visivyozidi unene wa sentimita 1 na kuvitia katika formalini ya asilimia 10, nyingi mara kumi kuliko vipande vyenyewe. Gunia la pumba lisimwagwe. Nusu kilo itolewe juu, katikati na chini ya gunia, ichanganywe, iwekwe katika mfuko wa karatasi na si wa plastiki, ili unyevu usiwape kuvu nafasi ya kuongeza sumu njiani, na ipelekwe pamoja na mzoga.